Namna ya Kukunja Uso Mbele ya Sahani ya Mwenzako

Kila mwaka mvua za vuli zikikolea, mabasi ya Bukoba hushusha Dar es Salaam mizigo ya aina mbili. Ya kwanza ni mikungu ya ndizi, inayotupwa chini bila huruma. Ya pili ni vindoo vidogo vyenye mifuniko iliyokazwa, ambavyo wenyewe hawaviweki chini hata wanapotafuta chenji ya bodaboda. Kesho yake saa nne, ofisini, dada wa masijala anafungua kopo juu ya meza, harufu ya kitunguu na chumvi inatembea mpaka kwa mhasibu, naye anasema kwa ukarimu wote aliolelewa nao: "Karibuni senene, jamani."

Hapo, mbele ya wadudu hao wa kukaanga, ndipo wengi wetu tunapojiaibisha. Wapo wanaomchukua mmoja kwa ncha za vidole, wakasubiri mwenyewe ageuke, wakamzika kwenye chungu cha maua. Wapo wanaodai wamefunga, siku ya Jumanne, huku midomo imejaa makombo ya andazi. Na wapo, Mungu awarehemu, wanaosema "asante dada," wakala, wakaongeza. Yote hayo ni matokeo ya kukosa mafunzo. Kuona kinyaa ni fani. Ina kanuni, ina hatua, na anayeifanya kienyeji huishia kuonekana hajaelimika. Mwongozo huu umeandaliwa ili kuziba pengo hilo.

Vifaa vinavyohitajika

Pua moja inayokunjika vizuri. Kumbukumbu fupi, hasa kuhusu ulichokula wewe mwenyewe jana usiku. Kabila moja la jirani, likiwa na mwakilishi wake mezani. Simu yenye chaji ya kutosha, ya kupigia picha sahani ya mtu bila kumwomba. Ukipata na shangazi aliyewahi kupita mkoa husika kwa basi, huyo ndiye atakuwa shahidi wako wa kitaalamu.

Hatua ya 1: Hesabu miguu

Msingi wa fani hii ni hesabu. Kuku ana miguu miwili: huyo ni wa wageni. Mbuzi ana minne: wa sherehe. Pweza ana minane: wa jioni, baada ya kazi. Kaa na kamba wana kumi: hao ni wa mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka. Mwenye sita peke yake ndiye asiyestahili kuingia kinywani mwa mstaarabu. Usiulize namba sita ilikosa nini. Ukianza kuuliza, umeshaharibu.

Kwa mazoezi, nenda jioni kwenye meza ya pweza, mtaa wowote wa pwani. Tazama kwa makini. Mikono imekatwa vipande, na vile vikombe vyake vya kunyonyea bado vimejipanga mistari miwili miwili, vikubwa mpaka vidogo. Pembeni kuna vijiti vya meno na bakuli la pilipili ambalo kila mteja amechovya. Kwenye sufuria inachemka supu ya rangi ya zambarau iliyofifia, na wanaume wamesimama kuizunguka kimya, wakinywa kwa vikombe, kwa sababu ambazo hawazitaji mbele ya watoto. Mnyama huyo alikuwa na mioyo mitatu, damu ya buluu na mdomo mithili ya kasuku. Hakuna anayekunja uso. Mmoja anaomba aongezewe.

Ukishajiridhisha kwamba hujaona tatizo lolote, rudi ofisini ukamshangae mla senene.

Angalizo moja kwa wanaopenda kusoma. Wataalamu wa uainishaji wa viumbe siku hizi wanawaweka wadudu ndani ya ukoo mmoja mkubwa na kamba na kaa. Ndiyo maana mtu mwenye mzio wa kamba anaweza kuvimba akila senene au nzige: protini inayomsumbua ni ya jamii moja. Mwili umeshautambua undugu ambao mdomo unaukana. Habari hii isitajwe mezani.

Hatua ya 2: Fumba jicho la nyumbani

Nyani haoni kundule. Wahenga waliisema kama lawama, lakini mwanafunzi makini ataichukua kama maelekezo ya kazi.

Anza na asali. Nyuki anafyonza nekta ya maua, anaihifadhi tumboni katika kifuko maalumu, anarudi mzingani, anaitapika kwenye kinywa cha mwenzake, mwenzake naye anaitapika kwa mwingine, mpaka inakolea. Sisi tunaipaka kwenye mkate, tunampa mgonjwa, tunamlambisha mtoto mwenye kikohozi. Safi kabisa.

Nenda kwenye pipi. Geuza karatasi ya baadhi ya pipi na mtindi wenye wekundu wa kuvutia, tafuta alama E120. Hiyo ni rangi inayotengenezwa kwa kukausha na kusaga vijidudu vinavyoishi kwenye mipungate huko Peru na Mexico, makumi ya maelfu kwa kila nusu kilo ya rangi. Ukikuta E904, ule mng'aro wa nje unatokana na utomvu unaotolewa na wadudu wengine, wa Asia. Rudisha karatasi ilivyokuwa. Mpe mtoto pipi yake.

Usisahau Marekani, nchi ya usafi wa viwandani. Mamlaka yake ya chakula na dawa, FDA, huichukulia hatua siagi ya karanga pale tu inapofikia wastani wa vipande 30 vya wadudu katika gramu 100. Chini ya hapo, ruksa. Kwa chokoleti kiwango ni 60. Sababu yao ni ya kiungwana: haiwezekani kuwatoa wote shambani. Mama zetu waliokuwa wakipepeta mchele uani na kuokota fukusi mmoja mmoja walijua hilo bila maabara, na walijua pia kwamba wapo waliopita.

Mwisho, ruka haraka juu ya mambo ya kwenye bucha. Utumbo, makongoro, ulimi, firigisi, mapupu yanayouzwa kwenye sinia kando ya barabara. Mutura wa Nairobi, utumbo uliojazwa nyama na damu ukachomwa. Kisusio cha Uchagani, ambacho damu ya mbuzi ndiyo roho yake. Hivyo vyote ni "mambo yetu." Kinyaa hakiruhusiwi kuvuka kizingiti cha mambo yetu.

Hatua ya 3: Hamisha kinyaa kutoka kwenye sahani kwenda kwa mlaji

Hii ndiyo hatua kuu, na hatua nyingine zote ni vibarua wake. Ukisema "mimi sili senene," umezungumza kuhusu tumbo lako, na habari ya tumbo lako haimsisimui mtu. Tumia wingi. Sema: "Nyie Wahaya na wadudu wenu!" Sasa umemgusa yeye, mama yake, kijiji chake na shule aliyosoma. Sahani imekuwa kisingizio tu.

Wingi huu unafanya kazi nchi nzima. Kwa Mmakonde utasema panya. Usimpe nafasi ya kukueleza kwamba anayeliwa kusini ni panya wa shambani, anayekula nafaka na mihogo, na wala si yule wa darini kwako anayekula sabuni. Usitaje kwamba Malawi panya waliochomwa hupangwa kwenye vijiti na kuuzwa kando ya barabara kuu kwa wasafiri. Na kwa vyovyote vile usitaje Morogoro, ambako shirika la APOPO, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapo na kwenda kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na taasisi ya Uingereza mwaka 2020. Panya amepata heshima Uingereza kabla ya Mmakonde kuruhusiwa kula kwa amani stendi ya mabasi.

Ukivuka kwenda magharibi mwa Kenya, lengo ni kumbikumbi. Pale Waluhya na Waluo hufunika kichuguu, wakaacha tundu moja, kisha wakagonga ardhi kwa vijiti, taratibu, bila kukatisha, mpaka kumbikumbi wakadhani mvua imenyesha wakatoka wenyewe. Ufundi huo wa kumdanganya mdudu kwa kumwigizia hali ya hewa unahitaji akili na subira. Wewe utauita ushamba.

Lakini kuwa mwangalifu na jiografia, maana kinyaa kina zamu. Mtu wa pwani anayemcheka mla kumbikumbi, akisafiri na changu wake wa kupaka mpaka kwa mzee wa Kimasai wa zamani, atakuta samaki ndiye anayetazamwa kwa mashaka. Jamii nyingi za wafugaji zilimwona samaki kuwa chakula cha watu waliofilisika ng'ombe. Mzee yule anakunywa damu na maziwa, na anakuhurumia kwa dhati. Kabla hujashuka kwenye gari, uliza kwanza: hapa mimi ni mchekaji au mchekwaji?

Hatua ya 4: Tafuta aya, lakini usisome mpaka mwisho

Ukibanwa, kimbilia dini. Hakuna anayebishana na mtu aliyeshika kitabu.

Kwa Mkristo, fungua Mambo ya Walawi sura ya 11, soma kwa sauti ya mahubiri pale wadudu wenye mabawa wanapotajwa kuwa ni machukizo, kisha funga kitabu upesi. Ukichelewa utaangukia mstari wa 22, ambapo nzige, panzi na jamaa zao wanaruhusiwa kuliwa, tena kwa kutajwa. Mathayo sura ya 3 usiikaribie kabisa: utamkuta Yohana Mbatizaji jangwani, chakula chake nzige na asali ya mwitu. Mtu aliyembatiza Yesu alikula wadudu, akashushia kwa kazi ya wadudu.

Kwa Mwislamu kazi ni ngumu zaidi. Nzige ni halali, na wala hahitaji kuchinjwa. Hadithi mashuhuri inamtaja pamoja na samaki kuwa ndio mizoga miwili iliyohalalishwa. Maswahaba walimla wakiwa safarini. Na ipo hadithi nyingine ambayo mwenye kutafuta ushahidi wa kukunja uso itambidi airuke. Mtume (S.A.W.) aliandaliwa dhabb, yule mjusi mkubwa wa jangwani, akiwa amechomwa. Akauondoa mkono wake. Akaulizwa: je, ni haramu? Akajibu kwamba siyo, ila hapatikani katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid bin Walid akamvuta upande wake akamla, na Mtume anatazama. Hakuna aliyehama mkeka, hakuna aliyeitwa mshamba.

Ukiisoma hiyo kwa utulivu, mwongozo huu wote unaweza kuutupa. Kwa hiyo twende haraka hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Subiri Ulaya iseme

Kinyaa cha kistaarabu kina tarehe ya kuisha, na tarehe hiyo hupangwa Brussels. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa ripoti nene kutoka Roma ikitaja zaidi ya aina 1,900 za wadudu wanaoliwa duniani na watu takriban bilioni 2 ambao wadudu ni sehemu ya mlo wao. Ghafla, jambo ambalo bibi wa Muleba alilifanya kwa sinia na vidole likawa "suluhisho la usalama wa chakula." Juni 2021 Umoja wa Ulaya uliruhusu funza wa unga waliokaushwa wauzwe kama chakula, Novemba mwaka huohuo ukaruhusu nzige, na Januari 2023 ukafika unga wa nyenje. Siku ukiuona unga huo ndani ya biskuti yenye picha ya jani la kijani, kunjua uso. Sema una protini nyingi. Sema unajali tabianchi.

Protini hiyohiyo ilikuwapo kwenye kopo la masijala. Senene mkavu, zaidi ya theluthi ya uzito wake ni protini, na mafuta aliyonayo yanatosha kumkaanga mwenyewe bila kumwongezea mengine. Lakini hakuwa na lebo, na aliyemleta hakuwa na shahada ya lishe.

Ukitaka kumtaja Mzungu wa kwanza kufunguka macho, usimtaje Livingstone. Yeye na wenzake walipopita Ziwa Nyasa mwaka 1861 walikuta wenyeji wakitengeneza mikate ya kungu, wale vijidudu wanaopaa juu ya ziwa kwa mawingu kama moshi. Wakaonja. Katika kitabu cha safari hiyo ladha yake inalinganishwa na mayai ya samaki ya kitajiri, au na nzige waliotiwa chumvi. Mtu halinganishi na nzige wa chumvi kama hajawahi kuwala. Habari hii inavuruga ratiba, kwa sababu inaonyesha kwamba ruhusa ilishatolewa zamani, sisi tukachelewa kupata barua.

Hapa nyumbani nako, mambo yanatukimbia. Nairobi, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo, kimeweka makao yake Kasarani katika kampasi iitwayo Duduville. Bondo, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kina kituo kizima cha kufundisha watu kufuga wadudu wa kuliwa. Na Novemba 2021, ndani ya ndege ya Uganda Airlines iliyokuwa ikielekea Dubai, abiria mmoja alirekodiwa amesimama kwenye njia ya katikati ya viti akiwauzia wenzake senene kutoka kwenye mfuko. Alikamatwa. Shirika likakemea utovu huo wa nidhamu, kisha likasema linafikiria kuwaingiza senene kwenye orodha yake ya vyakula. Tafsiri yake kwa mwanafunzi wetu ni hii: senene akiwa kwenye mfuko wa plastiki, polisi, akiwa kwenye trei yenye kitambaa, karibu sana mheshimiwa.

Hatua ya 6: Usifikirie kazi iliyofanyika

Kinyaa hunyauka kikikutana na jasho, kwa hiyo usiruhusu habari za uvunaji zikufikie.

Usijue kwamba Masaka, Uganda, na siku hizi hata Kagera, kuna watu wanaokesha usiku kucha chini ya taa zinazoumiza macho. Wanasimamisha mabati mapya, wanaweka mapipa chini yake, wanachoma nyasi mbichi ili moshi umchanganye senene anayevutwa na mwanga; anagonga bati, anateleza, anaingia pipani. Pamoja naye huja mdudu mwingine mwekundu na mweusi, ambaye ukimponda kwenye ngozi anaacha lengelenge la moto. Wavunaji wanarudi nyumbani asubuhi wakiwa na macho mekundu na shingo zilizobabuka. Mvua ikigoma, au mwezi ukiwaka kuliko taa, wanarudi na gunia tupu na deni la umeme.

Usijue pia habari za kuwanyonyoa. Watu wanakaa kwenye mkeka kuzunguka sinia, vidole vimepakwa majivu ili visinate. Mbawa upande huu, miguu upande ule, mmoja baada ya mwingine. Wa kijani, wa kahawia, na kwa bahati yule wa zambarau ambaye watoto hugombania. Saa nzima ya kazi, na sinia halijajaa. Kisha wanaingia kikaangoni na mafuta yao wenyewe, chumvi na kitunguu, wanakorogwa mpaka waanze kulia wakigusana na mwiko. Anayekwambia "karibu" baada ya hapo amekukaribisha kwenye usiku wa mtu mmoja na mchana wa mwingine. Wewe ukijua yote hayo, uso utakataa kukunjika. Bora usijue.

Hatua ya 7: Kataza kilicho kitamu

Hatua hii ni ya wanafunzi waliobobea, na wazee wetu waliifikisha kileleni. Buganda, wanawake ndio waliowaokota senene, wakawanyonyoa, wakawakaanga, wakawaandaa. Kula walikatazwa. Walielezwa kwamba mwanamke akila atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene. Waume zao, waliokuwa wakila sinia zima, hawakuonekana kuwa na hofu yoyote kuhusu mchango wao katika kichwa cha mtoto. Mke aliyewaokota wengi alizawadiwa nguo mpya, ushahidi kwamba mume alijua thamani ya alichokula.

Mayai na kuku navyo vilikuwa na marufuku ya namna hiyo. Na firigisi mpaka leo, katika nyumba nyingi kuanzia Kakamega hadi Mbeya, ina mwenyewe, na mwenyewe hajawahi kuwa mama. Jifunze hapo: ukikuta chakula kimekatazwa kwa kundi moja tu ndani ya nyumba moja, usitafute sumu. Tafuta nani aliyebaki na sahani.

Ili haki itendeke, kuna miiko isiyo ya ulafi. Watu wa ukoo wa Nsenene hukohuko Buganda hawali senene kwa sababu ndiye alama ya ukoo wao. Wao hawamcheki anayekula. Kwa viwango vya mwongozo huu, wamefeli.

Ukiulizwa sababu

Kuna siku mtoto wa darasa la tano atakuuliza: "Mjomba, umewahi kuonja?" Jibu la kitaalamu ni "sumu haionjwi," halafu badilisha mada.

Akiendelea, msimulie kuhusu Paul Rozin, mwanasaikolojia wa Marekani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, yeye na wenzake walichovya mende mfu, aliyesafishwa vijidudu vyote, kwenye glasi ya juisi ya tofaa, wakamtoa. Watu waliambiwa wazi kwamba mende ni safi. Wengi hawakuitaka tena ile juisi. Waliletewa pia chokoleti nzuri iliyofinyangwa kwa umbo la kinyesi cha mbwa. Wakaikwepa, ingawa walijua ni chokoleti. Ulimi haukuulizwa. Kichwa ndicho kilichoamua, tena kabla ya mkono kunyanyuka. Mtoto anayetambaa hana shida hiyo: huokota chochote sakafuni akakitia kinywani, mpaka siku anapoinua macho na kuuona uso wa mama yake. Mafunzo yake ya kinyaa huanzia hapo, na wewe hapo umekuja kuchukua stashahada.

Tahadhari za kweli

Sehemu hii haina mzaha. Mwenye mzio wa kamba au kaa asijaribu wadudu bila kujihadhari. Nzige waliopuliziwa dawa hawaliwi: mwaka 2020, makundi ya nzige wa jangwani yalipoivamia Kenya na majirani zake, wataalamu waliwaonya watu wasiokote nzige kwenye maeneo yaliyonyunyiziwa sumu, na onyo hilo halikuwa la kinyaa. Mdudu usiyemjua usimle kwa sababu tu anafanana na unayemjua. Muulize mwenyeji aliyekulia hapo. Na senene waliokaa kwenye joto mpaka wakachacha ni sawa na samaki aliyechacha: mwili utakuadhibu bila kujali kabila lako.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mama mkwe ni Mhaya, ameniandalia sahani na amekaa ananitazama. Nifanye nini?
Kwa mama mkwe mwongozo huu haufanyi kazi. Kula, sema "asante mama," na ukiulizwa kama uongezewe, ujibu haraka kuliko ulivyojibu siku ya mahari.

Nimekuta mdudu kwenye maharage ya hotelini. Nikunje uso?
Ni fukusi? Basi huyo ni wa kwetu. Mweke pembeni ya sahani, endelea.

Je, ninaweza kusema tu, "Asante, sijazoea"?
Inawezekana, lakini haipendekezwi. Maneno hayo yanamaliza shughuli papo hapo. Mwenye chakula hajisikii vibaya, wenzako hawapati kicheko, hakuna picha ya kutuma kwenye kundi la WhatsApp, na mnabaki marafiki. Miaka yote uliyojifunza kukunja uso inapotea kwa maneno mawili.

Nikionja nikapenda?
Mwonja asali haonji mara moja. Utarudi. Utaanza kuulizia mabasi ya Bukoba yanafika saa ngapi. Utajikuta ukimtetea mtu wa kabila lisilo lako, bila malipo. Hatuna dawa ya hali hiyo.

Mwandishi, wewe unakula?
Swali hilo halimo kwenye mtaala. Ila nikukumbushe mambo ya soko: msimu ni mfupi, mvua haina mkataba na mtu, na senene wanaofika Dar es Salaam ni wachache kuliko wanaowasubiri. Kila anayehitimu mafunzo haya ni mnunuzi mmoja aliyepungua, na kisado kimoja kilichobaki kwa sisi wengine. Kunja uso, ndugu yangu. Kunja mpaka mikunjo ikae. Tunakuombea uhitimu kwa alama za juu.